Kopo Jipya la Magnesiamu

Bika, kile chombo cha kioo cha kuchanganyia dawa, ilikuwa ya moto mkononi mwangu, na hakuna mtu aliyewasha moto.

Nilidhani ni uchovu. Nikaendelea kukoroga.

Saa tatu baadaye nilikuwa nakimbia ngazi za hospitali nikiwa na kandambili moja mguuni, nikiamini nimeua mtu.

Naitwa Hsu Pei-chun. Wakati huo nilikuwa na miezi minne tu kwenye chumba cha dawa cha hospitali moja ndogo, kwenye kisiwa kilicho magharibi mwa Taiwan. Kimbunga kilikuwa kimepita, bandari imefungwa siku ya sita, na dawa ya sindano ya kuzuia kifafa cha mimba ilikuwa imekwisha kabisa.

Bosi wangu, Tsai Kuo-hui, akaamua tutengeneze dripu wenyewe kwa unga wa magnesiamu salfeti.

Asubuhi hiyo oda ikaja kutoka wodi ya wazazi. Mgonjwa Weng Ya-ting, kitanda cha nne, mimba ya kwanza, presha iko juu. Milimoli mia moja. Maana yake sehemu moja ya kumi ya moli.

Hesabu hiyo naijua hata usingizini. Uzito wa magnesiamu ishirini na nne. Salfa thelathini na mbili. Oksijeni nne, sitini na nne. Jumla mia na ishirini.

Halafu unaongeza maji. Unga wetu siku zote ulikuja na molekuli saba za maji ndani yake, kila moja kumi na nane. Hiyo mia na ishirini na sita.

Moli moja ikawa gramu mia mbili arobaini na sita. Nikapima gramu ishirini na nne na nukta sita. Bosi Tsai akasaini bila kuangalia karatasi.

"Wewe hesabu unaziweza, dada. Peleka."

Nikapeleka.

Saa saba mchana nilikaa na chakula changu, wali, samaki wa kukaanga na supu. Nikashika bakuli la supu. Lilikuwa la moto.

Nikaganda.

Ule unga wa siku zote, ukiukoroga kwenye maji, bika inapoa. Haipati moto. Unaopata moto ni ule mkavu, usio na maji ndani yake.

Nikaacha supu, nikaenda kabatini. Kopo lilikuwa jipya. Rangi ileile, kiwanda kilekile. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi: *isiyo na maji*.

Mia na ishirini. Siyo mia mbili arobaini na sita.

Nilipaswa kupima gramu kumi na mbili. Nilikuwa nimempa mama yule dozi mara mbili, na dawa hiyo ikizidi inalegeza misuli mpaka ya kupumulia.

Nikalichukua lile kopo. Nikamfuata bosi.

Alilisoma lile kopo mara moja tu. Akaenda kufunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza. Nenda wodini, sema dripu inavuja, itoe. Tutatengeneza nyingine. Imekwisha hiyo."

"Bosi, daktari lazima ajue. Kama amekwisha kuzidiwa je?"

"Pei-chun, saini zipo mbili pale. Ukijichoma wewe, unanichoma na mimi. Nina miaka kumi na tisa hapa."

Ukweli ni kwamba nilitaka kumsikiliza. Kuvuja ni neno dogo, nani angeuliza?

Nikafungua mlango, nikakimbia. Kandambili moja ikabaki kwenye ngazi.

Ya-ting alikuwa macho, uso umemwiva kwa joto, anatafuna kipande cha pera.

"Dada, mbona unahema hivyo?" akaniuliza.

Nilifunga dripu kwa mkono wangu. Nusu ilikuwa imeshaingia.

Daktari Kao Shu-fen alikuwa kitanda cha jirani. Nikasema yote pale pale, mbele ya nesi na mbele ya mgonjwa mwenyewe. Nikasema kopo, nikasema hesabu, nikasema jina langu.

Ya-ting akaacha kutafuna. Akaweka mkono tumboni.

Daktari hakunigombeza. Akachukua kinyundo, akamgonga goti. Mguu ukaruka; misuli ilikuwa bado inaitika. Akamsikiliza kifua, akamsikiliza mtoto.

"Huyu yuko salama. Tumewahi."

Nikashika kitanda.

Ndipo akanigeukia. "Hilo kopo lilifunguliwa leo?"

"Hapana, daktari. Jana jioni. Bosi Tsai alitengeneza dripu moja."

Akamtazama nesi. Nesi akaweka mkono mdomoni.

"Kitanda cha tisa," akasema kwa sauti ya chini.

Kwenye kitanda cha tisa alilala mama mmoja, Hung Mei-yu. Alikuwa amejifungua jana usiku. Tangu asubuhi alikuwa hafumbui macho vizuri, na nesi mmoja mwenye wagonjwa kumi na moja alidhani ni uchovu wa uzazi. Figo zake zilikuwa dhaifu, dawa haikutoka mwilini.

Daktari akagonga goti. Mguu haukuruka.

Akagonga tena. Kimya.

Nilihesabu pumzi zake. Saba kwa dakika.

"Kalisi, haraka," daktari akasema, akiitaka ile dawa inayopinga magnesiamu, naye mwenyewe akakimbilia mfuko wa kumpulizia hewa.

Dakika zile sitaki kuzieleza sana. Mume wake alisimama ukutani na kichanga mikononi, anauliza kila anayepita, "Amelala tu, sivyo?"

Karibu saa tisa, Mei-yu akafumbua macho, akaomba maji.

Nilipewa onyo la maandishi. Bosi Tsai akahamishwa. Siku ya kuondoka alipita mezani kwangu, akasimama kidogo.

"Nilipolisoma kopo, nilikumbuka kitanda cha tisa," akasema. "Nilikumbuka pale pale."

Akaondoka. Mpaka leo sentensi hiyo inaniogopesha kuliko kosa langu.

Wewe unayesoma, ukikosea kazini, usikae kupiga hesabu ya nani atakasirika. Sema. Huenda pembeni yupo mtu usiyemjua, anaishiwa pumzi kidogo kidogo, na kinachomchelewesha kuokolewa ni mdomo wako uliofumbwa.