Sekunde Moja Pungufu

Siku ile ya mashindano ya skuli za wasichana hapa Maskati nilipewa saa ya kupimia muda kwa sababu mama mmoja hakutokea. Wanaume hawaruhusiwi kuingia kwenye ukumbi wa bwawa wasichana wanapoogelea, kwa hiyo kazi zote za pembeni tulizifanya sisi akina mama: kugawa maji, kukusanya mataulo, kupima muda. Mwalimu wao wa kuogelea aligawa saa haraka haraka, mie nikaangukia njia ya nne. Sikujua nani yumo njia ya nne mpaka wasichana walipopanda kwenye vibao vya kurukia. Alikuwa binti yangu.

Nilipaswa kusema hapo hapo. Tulikuwa tumeshaambiwa asubuhi kwamba mzazi hampimi mwanawe, na mwalimu alikuwa hatua chache tu kutoka pale niliposimama. Nikajiambia nitawachelewesha.

Alikuwa na miaka kumi na saba, na kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akiwaandikia makocha wa vyuo vikuu vya Marekani. Aliandika mwenyewe, barua moja moja, kwenye meza ya kulia chakula, kamusi ya Kiingereza kushoto na sahani ya tende kulia. Wengi hawakumjibu. Wawili walimjibu kwa maneno yanayofaa kupelekewa mtu yeyote. Mmoja tu, kocha wa kike wa chuo kimoja kikubwa, alimwandikia kama aliyesoma barua yake hadi mwisho. Alisema amependa anavyoogelea, lakini nafasi aliyonayo ni ya msichana anayeogelea mita mia chini ya dakika moja na sekunde mbili. Ukifika hapo, niandikie tena. Muda bora wa binti yangu ulikuwa dakika moja, sekunde mbili na nukta tisa.

Honi ikalia, nikabonyeza. Nambari hazikwenda. Nikabonyeza tena, na safari hii zikaanza kukimbia, lakini wasichana walikuwa wameshajitupa majini kitambo. Nilijua. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikuwa na hakika. Nilijua tangu kidole kilipogusa kile kitufe mara ya pili.

Alipogusa ukuta nikasimamisha saa. Dakika moja, sekunde moja, nukta nne. Alivua miwani ya kuogelea, akaniangalia kutoka majini, akaniuliza ngapi. Nikamgeuzia saa. Aliziba mdomo kwa mikono miwili, akazama chini ya maji, akaibuka analia. Mwalimu akafika na karatasi yake.

"Njia ya nne?"

Nikamtajia, akaandika.

Alasiri ile ile binti yangu alimwandikia yule kocha. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: kocha alifurahi, aliomba karatasi ya matokeo yenye saini ya mwalimu, akaomba na video ya mashindano kamili, si vipande vizuri tu. Mashindano hayakurekodiwa, wasichana hawapigwi picha bwawani, kwa hiyo wakakubaliana arekodiwe peke yake na mwalimu wake, mazoezini. Halafu watazungumza kwa video, wiki sita mbele, siku ya Alkhamisi baada ya Asri, wakati kwao ndiyo kwanza asubuhi.

Nilimweleza mume wangu tukiwa tunakunja nguo. Akasema sekunde moja ni kitu gani, mtoto atakua, ataifikia mwenyewe kabla ya Alkhamisi hiyo, na hapo kosa litakuwa limejifuta. Mume wangu ni mtu mkweli. Alisema vile kwa kunihurumia, na mie nikayachukua maneno yake kama dawa.

Lakini mtoto hakuifikia. Mazoezini alipata dakika moja na sekunde tatu, akamwomba mwalimu angoje kwanza kumrekodi. Kisha mbili na nukta nane, kisha tatu tena. Akaongeza mazoezi. Alikuwa akiingia bwawani kabla ya skuli na baada ya skuli, na Ijumaa, siku tuliyozoea kwenda ufukweni Bustan na kaka yangu na wanawe, akaacha kwenda. Chakula akawa anakipima kwa macho. Aliandika muda wake wa kila siku kwenye daftari, na juu kabisa ya kila ukurasa aliandika ule niliompa mie, akauzungushia duara.

Mwalimu wake alimwambia apumzike, hakumsikiliza. Mama yangu, anayekaa mtaa wa Darsait, alimwona mara moja tu akaniita pembeni.

"Nna mjukuu mmoja wa kike," akasema, "na nyie mnamkausha. Mwili gani huo?"

Nikamwambia ni mazoezi. Nikaona aibu kumwangalia usoni.

Wiki ya nne bega la kulia likaanza kumuuma. Alinificha siku tatu. Nilimgundua asubuhi moja alipokuwa akijifunga shungi ya skuli kichwani kwa mkono mmoja. Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka kliniki moja mtaa wa Al Khuwair, karibu na ofisi yangu. Daktari alimnyanyua mkono, akaushusha, akamuuliza anaogelea mara ngapi kwa siku. Alipojibu, daktari aliniangalia mie, si yeye. Akasema wiki tatu asiguse maji, na kama hatasikia, itakuwa miezi.

Tulirudi kwenye gari, nikawasha kipoza hewa, sikuondoa gari. Jua lilikuwa kali, usukani haushikiki. Yeye alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo.

"Niliweza mara moja, Mama," akasema. "Kwa nini siwezi tena? Nina kasoro gani?"

Mpaka hapo nilikuwa naweza kunyamaza kwa ajili ya kocha, na kwa ajili ya karatasi na saini. Lakini sikuweza kumwacha mwanangu ajitafute kasoro ambayo ilikuwa yangu.

"Huna kasoro," nikamwambia. "Hukuweza hata hiyo mara moja. Saa ilichelewa mkononi mwangu."

Nikamweleza yote, kitufe, nambari, mwalimu na karatasi yake. Nilipomaliza aliniuliza kitu kimoja tu: muda wake wa kweli ulikuwa ngapi. Nikamwambia sijui. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko jingine lolote, kwamba zile mita mia, bora alizowahi kuogelea pengine, hazikupimwa na mtu yeyote na hazitajulikana tena.

Aliniomba nimpeleke Darsait kwa bibi yake. Alikaa huko siku nane. Baba yake ndiye aliyekuwa akimpeleka skuli na kumrudisha. Mie nilikwenda kwa mwalimu wa kuogelea, nikamwambia, na nikatia saini barua ya kufuta yale matokeo. Mwalimu hakunipigia kelele. Alisema tu kwamba ile saini iliyokwenda Marekani ilikuwa yake yeye, na kwamba miaka yote aliyofundisha hajawahi kuomba radhi kwa jambo kama hilo. Akanifuta kwenye orodha ya wasaidizi, na ilikuwa haki yake.

Alkhamisi ikafika. Binti yangu alirudi nyumbani mchana, akaoga, akavaa fulana ya timu, akaweka kompyuta kwenye meza ya kulia chakula. Nikamwambia niache nizungumze mie, kosa ni langu, kocha alisikie kutoka kwangu. Ilikuwa siku ya kwanza kunitazama vizuri tangu pale kliniki.

"Barua niliandika mimi," akasema. "Wewe kaa pale, usiseme kitu."

Nikakaa kwenye kochi, mahali ambapo kamera hainioni. Mume wangu alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi, hakuingia wala hakuondoka.

Kocha alikuwa mchangamfu. Alimuuliza habari za masomo, na joto la Maskati. Nilimsikia binti yangu akijibu kwa sauti nyembamba, kisha akasema kuna jambo lazima aliseme kabla hawajaendelea. Akasema muda aliompelekea haukuwa sahihi, saa ilichelewa kuwashwa, yeye ameligundua wiki iliyopita, na muda wake wa kweli unaojulikana ni sekunde mbili na nukta nane. Hakunitaja. Nilisubiri anitaje, na kila sekunde iliyopita bila yeye kunitaja nilizidi kushindwa kukaa vizuri. Halafu akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: ameumia bega, na hataogelea kwa wiki mbili zaidi.

Kocha akamuuliza bega ni lipi, na daktari amesema nini. Wakazungumza bega kwa dakika kadhaa kama watu wawili wa kazi moja. Mwisho akamwambia waziwazi: kwa muda huo nafasi hawezi kumpa, kuna msichana mwingine anayesubiri, na atamjibu huyo wiki hiyo hiyo. Alimshukuru kwa kumwambia kabla na si baada.

Binti yangu akamshukuru naye. Alifunga kompyuta taratibu, akaenda chumbani. Mume wangu akaziweka funguo juu ya friji, akatoka kwenda msikitini. Mie nilibaki kwenye kochi mpaka maghribi ikaadhiniwa.

Bega lilipona. Miezi miwili baadaye aliogelea kwenye mashindano mengine, na wapimaji watatu kwenye njia yake, hakuna hata mmoja ninayemjua. Alipata sekunde mbili na nukta tatu. Alianza upya kuandika barua. Safari hii alichagua vyuo vidogo, akaandika muda wake kama ulivyo, akaambatanisha video nzima ya mazoezini, pamoja na pale anapogeuka vibaya ukutani. Kocha mmoja wa chuo kwenye mji wa baridi ambao sikuwahi kuusikia alimjibu kwa swali moja: kwa nini unageuka kwa mguu mmoja? Wakaandikiana juu ya ule mguu mwezi mzima. Huyo ndiye aliyemchukua.

Kabla hajaondoka nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema bado si kabisa, ila amechoka kukasirika. Nikaridhika na hilo, maana angeweza kunidanganya ili aniliwaze.

Likizo iliyopita alirudi, na wasichana watatu wa skuli yake ya zamani wakaja nyumbani kumuuliza alifikaje. Walikaa sebuleni kwetu na madaftari yao. Nilikuwa jikoni natengeneza kahawa, nawasikia. Aliwaambia barua waandike wenyewe, si baba zao. Aliwaambia wasome, kwani kocha huuliza alama za darasani kabla ya mambo ya bwawani. Wakiumia waseme. Mmoja akamuuliza, je, kama muda wangu umekaribia lakini haujafika?

"Mwambie haujafika," akasema. "Mimi nilipeleka muda uliokosewa, ukaninyima nafasi na ukaniumiza bega. Saa ilichelewa."

Mwingine akataka kujua nani aliyeishika saa. Akasema msaidizi mmoja tu.

Nikaingia na sinia. Nikaliweka mezani, nikawaambia msaidizi huyo alikuwa mie. Wasichana wakainamia madaftari yao, hawakujua waangalie wapi. Binti yangu alinitazama, kisha akasogea kwenye kochi kunipa nafasi, akaanza kumimina kahawa, na kumuuliza msichana wa tatu, aliyekuwa hajauliza kitu, swali lake lilikuwa nini.