Hasira ya Babu

Nilipozaliwa nilipewa jina la babu, na kwetu sisi wenye asili ya Kasai jina si kitu cha kuchezea. Baba yangu mzazi aliniita "tata", yaani baba, kwa sababu nilibeba jina la baba yake. Nikitupa kijiko, shangazi zangu walicheka: "Muzee alirudia!" Muzee huyo alikuja Kolwezi kuchimba shaba, na alimpiga bibi mpaka bibi akapanda treni kurudi kwao. Mimi sikucheka.

Nikawa mwalimu wa biolojia, na hapo ndipo ujinga wangu unaponichoma. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba wataalamu wakipima urithi wa tabia, wanapima tofauti kati ya watu wengi walioishi katika mazingira fulani. Mazingira yakibadilika, kipimo nacho hubadilika. Hakiwezi kumwambia mtu mmoja ni kiasi gani cha hasira yake kilitoka kwa babu yake. Wanafunzi wananakili, malori ya madini yanatutilia vumbi dirishani, kisha narudi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Niliwahi kuwa na mchumba, muuguzi. Wazazi walikuwa wameshakubaliana. Siku moja tulibishana juu ya tarehe ya harusi, nikarusha sahani ukutani. Akachukua ufagio, akafagia vipande taratibu.

"Sasa chakula tutakulia mu nini?" akauliza.

Mimi kichwani nilimwona bibi akipanda treni. Kesho yake nilimwambia aende zake, na sababu sikumpa. Nilijiona muungwana, eti namwokoa.

Mwezi uliopita nilikwenda Fungurume kusimamia mitihani, nikamkuta sokoni akichagua unga wa bukari, ugali wetu. Ana mume na watoto wanne. Miaka ishirini na mitatu imepita, lakini nilimweleza yote pale pale: jina, babu, sahani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mi niliwaza ulinichoka," alisema. "Ile sahani nilishaisahau. Kwetu sahani zilivunjika kila mara, hakuna mutu alikimbia. Ungeniuliza tu, tata."

Akabeba unga wake, akaenda kupikia watu wake. Niliumia, sifichi.

Mimi sijampiga mtu maishani mwangu. Majirani wananisifu: mwalimu ni mpole, hana neno na mtu. Upole huo nani ameupima? Nyumbani kwangu hakuna wa kugombana naye.