Ufunguo Ndani ya Friji

Mama Kimya alikuwa fundi sauti, na kama hujui fundi sauti ni nani, usione haya, hata majirani zake hawakujua. Walisikia tu kwamba anafanya kazi za filamu, basi miaka nenda miaka rudi wakawa wanakodoa macho kwenye televisheni wauone uso wake. Jamani, uso wa fundi sauti utauonea wapi? Yeye hukaa nyuma ya kamera, hedifoni masikioni, akilinda maneno ya waigizaji yasiingiliwe na mbwa wa jirani wala pikipiki ya mpita njia. Jina lenyewe alipewa kazini. Kabla kamera haijawashwa alipaza sauti, "Kimya!" na wanaume wazima na ndevu zao wakanyamaza kama watoto wa chekechea.

Alianza wakati ambao mwanamke kwenye filamu kazi yake ilikuwa kupaka watu poda na kupiga pasi nguo za waigizaji. Siku alipoomba kushika mti wa maikrofoni, ule mrefu unaoinuliwa juu ya vichwa vya waigizaji, mmoja alimwambia, "Dada, huu si mwiko."

"Najua," akamjibu. "Mwiko ungekushinda."

Wakampa ili aaibike. Aliushika mpaka mikono ikatetemeka, na hakuushusha. Hakuna aliyemfundisha kwa nia njema. Kila alichojua alikiiba kwa macho, na kila alipokosea alikwenda kulia chooni, akanawa uso, akarudi. Ndiyo maana chama cha wanawake wa filamu kilipowaomba wakongwe kila mmoja achukue binti anayeanza, amshike mkono, Mama Kimya alikataa katakata. Alisema yeye si yaya. Halafu wakamletea Chiriku.

Lo! Huyo binti alikuwa na mdomo. Fundi sauti anayeongea kutwa nzima, uliona wapi? Aliuliza hiki, akauliza kile, na kabla hujajibu ameshauliza cha tatu. Mama Kimya ndiye aliyembandika jina hilo la Chiriku, akaapa kwamba hatamaliza naye wiki.

Na wiki yenyewe haikuisha salama. Walikuwa wakipiga picha katika nyumba ya kuazima, ya mzee mmoja mstaafu na mkewe. Sasa, adui mkubwa wa fundi sauti ni friji. Wewe yako huisikii kwa sababu umeizoea, lakini maikrofoni inaisikia, inanguruma chini ya kila neno la mapenzi. Kwa hiyo kabla ya kazi friji huzimwa, na kazi ikiisha huwashwa. Chiriku aliizima vizuri sana. Kuiwasha ndiko alikosahau. Wenye nyumba walikuwa wamekwenda kukaa kwa mtoto wao, na waliporudi harufu iliwapokea mlangoni. Nyama imeoza, samaki wameoza, hata siagi haikutamanika.

Mzee akawafuata kazini, hata salamu hakutoa. "Nani kazima friji yangu?"

Chiriku akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe neno likagoma kutoka. Mama Kimya akasimama. "Ni mimi, baba. Nisamehe." Akaenda buchani mwenyewe, akapita kwa muuza samaki, akaijaza friji ya watu.

Chiriku hakugombezwa. Kwenye nyumba iliyofuata Mama Kimya alimwita jikoni, akamwambia, "Lete ufunguo wa kwako." Akauweka, na kitambaa chake chekundu kilichofungwa kwenye tundu, ndani ya friji, kando ya mayai. "Kila ukizima friji ya mtu, ufunguo wako unaingia humu. Utake usitake, utarudi, maana huna pengine pa kulala. Na aliyezima ndiye anayewasha, hatumwi mtu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Basi akawa Mama tangu hapo. Mama Kimya hakujaaliwa mtoto, na hakuwa mtu wa kulialia jambo hilo, lakini neno lile lilimwingia na kukaa. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja walikula sahani moja, wakagombania hedifoni moja, na binti akawa na masikio makali kumshinda mwalimu. Kelele zake zikawa kama mvua juu ya bati, ukizizoea unalala vizuri.

Kisha masikio ya Mama Kimya yakaanza kumsaliti. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuhama. Waliondoka ndege, ikafuata kengele ya baiskeli, zikafuata ncha za maneno. Fundi sauti kupoteza masikio, haki ya nani, ni msiba usio na matanga! Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humfichua, ndivyo wahenga walivyosema, ila yeye aliona methali hiyo ni ya wengine.

Siku moja katikati ya kazi Chiriku aliinua mkono. "Mama, ile taa inalia. Mlio mwembamba, kama mbu."

Mama Kimya akasikiliza. Akabana hedifoni kwa mikono miwili, akasikiliza tena. Hakusikia kitu. Watu wote walikuwa wanamtazama. "Hakuna mlio," akasema. "Acha kutuchelewesha."

Mlio ulikuwapo. Wahariri waliukuta umepita kwenye kila neno, na kazi nzima ikarudiwa. Hapo Mama Kimya akajua kwamba mambo yamekwisha. Na badala ya kumwita binti pembeni amwambie ukweli, akafa na tai shingoni. Kesho yake alimwambia, bila hata kumtazama, "Umekua. Katafute kazi yako. Mimi sina tena cha kukufundisha."

"Nimekosa nini, Mama?"

"Hujakosa. Nenda tu."

Husemwa akufukuzaye hakwambii toka. Huyu aliambiwa nenda, waziwazi, mchana kweupe. Sasa binti wa watu afikiri nini?

Alipiga simu. Mama Kimya aliona jina likiwaka kwenye kioo, akaitazama simu mpaka ikazimika, maana sauti za kwenye simu zilikuwa zimegeuka uji mtupu masikioni mwake. Binti akaandika, "Mama, nipigie." Akajibu, "Niko salama." Mara ngapi aliandika, "Mwanangu, sisikii," halafu akafuta! Aliacha kazi, watu wakamsifu kwamba amestaafu kwa heshima. Heshima gani? Alishinda ndani ya nyumba iliyonyamaza, akila peke yake, na katika sauti zote zilizomkimbia, za ndege, za mvua, za redio, aliyoililia ni moja, ya yule chiriku. Alikuwa tayari kuzisamehe nyingine zote. Na alikuwa na neno moja tu la kumwambia binti yule kabla hajafa, kwamba hakufukuzwa kwa kosa lolote.

Miaka ikapita hivyo hivyo. Mpaka asubuhi moja simu ikatetemeka mezani. "Mama, shikamoo. Tunatafuta nyumba yenye jiko la zamani kwa ajili ya tamthilia. Naweza kuleta watu wangu kwako?"

Alijibu upesi mpaka akakosea herufi. Kisha akashika ufagio. Alisugua sakafu, akasugua masufuria, akafua mapazia yaliyokuwa safi, na muda wote midomo yake ilikuwa ikirudia lile neno lake, kama mtoto anayetumwa dukani asije akasahau.

Walikuja umati, na taa zao na nyaya zao. Chiriku alikuwa amenenepa kidogo, amepunguza nywele, na sasa yeye ndiye mkuu wa sauti, na pembeni yake kuna binti mwingine anayeanza, anashika mti wa maikrofoni huku mikono inamtetemeka. Alimwamkia Mama Kimya kwa heshima zote, "Shikamoo, Mama," akainama kidogo. Mama Kimya akaitikia. Akavuta pumzi aseme. Mwongozaji akamwita Chiriku, akaondoka.

Siku nzima ikawa hivyo. Akimwona yuko peke yake, kabla hajamfikia ameshazungukwa. Saa ya chakula akamwekea nafasi kwenye benchi, akakaa fundi wa taa, tena akala kwa raha zake na kuomba nyongeza. Mara moja, akiwa amesimama jikoni ameupa mlango mgongo, aliona watu wote wamerukia pembeni. Akageuka. Mfuniko wa sufuria ulikuwa unazunguka sakafuni. Naye akashtuka, ila alichelewa, mshtuko wa watu ulishakwisha. Alitazama huku na huku kama kuna aliyeona. Chiriku alikuwa mlangoni, ameinamia mitambo yake.

Kazi ilipoisha, ikabaki ile desturi ya mwisho. Fundi sauti hurekodi ukimya wa chumba chenyewe, mtu yeyote asitikisike, ili wahariri wapate cha kuzibia mapengo. Mama Kimya aliona kinywa cha Chiriku kikifunguka, "Kimya!" Watu wakaganda. Yeye naye akaganda, amesimama kando ya meza yake mwenyewe, machozi yanamlenga. Kwa muda ule mfupi watu wote walisikia anachosikia yeye kila siku. Akatamani wasiondoke hapo walipo.

Wakaondoka. Waliviringisha nyaya, wakabeba taa, wakaaga kwa kupunga mikono. Chiriku alimshika mkono, midomo ikatamka asante, na mtu nyuma yake akawa anamwita aharakishe. Gari lilikunja kona. Mama Kimya akabaki kizingitini na neno lake kinywani, halijamezeka wala kutemeka.

"Basi tena," akasema. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Akaingia jikoni kunywa maji. Alipofungua friji, taa ya ndani haikuwaka. Akapapasa. Kando ya mayai kulikuwa na kitu cha chuma. Akakitoa kwenye mwanga: ufunguo wa mlango, na kile kitambaa chekundu kimefungwa kwenye tundu lake.

Mama Kimya akacheka peke yake mpaka akashika meza. Halafu akaurudisha palepale ulipokuwa, akafunga friji, na hakuiwasha. Aliyezima ndiye anayewasha. Maziwa yakitaka kuganda yagande, nani anayajali?

Kisha akashikwa na hofu. Akibisha hodi, je? Atabisha weee, asiitikiwe, ajue tena kwamba hatakiwi. Akaufungua mlango wa mbele mpaka ukutani, akauegesha kwa jiwe, akavuta kiti, akakaa akiutazama. Mbu waliingia kwa familia zao. Jirani akapita akapunga mkono, akapungiwa upesi aondoke asizibe njia. Hakuthubutu hata kwenda msalani.

Jua lilikuwa bado halijazama Chiriku alipotokea getini, peke yake, kwa miguu.

"Umesahau ufunguo," Mama Kimya akasema, sauti juu kuliko alivyotaka.

Midomo ya Chiriku ikajibu. Ilimbidi Mama Kimya aitazame kwa makini. "Nani kasema nimesahau?"

Hapo lile neno alilolikariri kwa ufagio likamwagika lote, halina mpangilio. "Mwanangu, sisikii. Hili la kulia limekufa, hili la kushoto limebaki na akiba kidogo. Ile taa sikuisikia. Hukukosa kitu. Niliona haya, nikakufukuza wewe badala ya kuifukuza haya yangu. Simu zako niliziona zote. Zote, mwanangu."

Chiriku aliingia. Akavuta kiti, akakiweka upande wa kushoto, akakaa. Alisema kwa hasira, na machozi yanashuka. "Kila nilipoingia kazini nilijiuliza nilikukosea nini. Kila siku, Mama! Ulishindwa kuniambia neno moja?"

"Nilishindwa."

"Leo nimekuita jikoni mara tatu, uko mbele yangu, hugeuki. Nikasema haya, bado hanitaki. Halafu mfuniko ukaanguka, tumeruka wote, wewe umeshtuka baadaye. Ndipo nikaelewa. Ndipo nikauacha ufunguo ndani ya friji, na friji sikuiwasha."

"Na mimi nitakufaa nini?" Mama Kimya akauliza. "Fundi sauti kiziwi!"

"Kwani nilikuwa natafuta fundi sauti? Mafundi wako tele. Nilikuwa natafuta mama yangu."

Wakalia, na sitaki kusema zaidi juu ya hilo. Walipomaliza wakaenda jikoni. Chiriku akabonyeza swichi. Mama Kimya akabandika kiganja kwenye ubavu wa friji, akangoja, mpaka akausikia mtetemeko ukipanda mkononi. Akatikisa kichwa kwa furaha. Chiriku akaanza kueleza habari za yule binti mpya, jinsi anavyouliza maswali, jinsi alivyosahau betri, akaeleza hiki na kile, mbio mbio, karibu kabisa na sikio la kushoto. Nusu ya maneno ilipotea njiani. Mama Kimya hakumkatiza.

Giza lilipoanza kuingia Chiriku akabeba mkoba wake, akaelekea mlangoni.

"Wewe! Ufunguo wako!"

Akarudi mpaka sikioni. "Uache humo humo. Mdogo wangu yupo nyumbani, atanifungulia. Nitaufuata kesho."

"Kesho saa ngapi?" Mama Kimya akauliza.