Mke wangu hakurudi kupimwa saratani, kumbe sababu ilikuwa mimi

Wakuu, habari za majukumu.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Nitayasema yote, hata yanayoniaibisha.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Katonga, Kigoma. Mke wangu, Mama Hawa, ni mzaliwa wa Ujiji, anashona nguo nyumbani kwetu Rusimbi. Ni mtu wa maneno machache.

Mwaka juzi alimpeleka mtoto kliniki, akaambiwa kina mama wanapimwa saratani ya mlango wa kizazi, bure. Akapima. Wakampaka siki ya kupimia kwenye mlango wa kizazi, wakaona alama nyeupe. Wakamtibu palepale, wakisema alama hiyo ikiachwa ndiyo huja kuwa saratani baadaye. Wakamwambia mambo mawili: asikutane na mume kwa wiki sita, na arudi baada ya mwaka.

Jioni akanieleza, taratibu, macho chini.

Wakuu, nilichomjibu mpaka leo kinanichoma.

"Wiki sita? Hiyo ni dawa au adhabu? Na huo ugonjwa si wanasema unaletwa na wanaume? Kwa hiyo mimi ndiye nimekuletea, au nani?"

Mama Hawa akainuka. Akatoa vyombo. Siku tatu nikalala sebuleni, nimenuna kama mtoto. Wiki sita zikapita, maisha yakaendelea, mimi nikasahau kabisa.

Yeye hakusahau.

Mwaka huu niko kazini, mikono yote grisi, simu ikaita. Nesi. Kumbe kwenye daftari lao Mama Hawa aliandikisha namba yangu.

"Baba, mama alitakiwa arudi, sasa imepita miezi mitano. Yupo salama?"

Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga. Kazi ya mtu nikaiacha, nikaenda nyumbani.

Nilimkuta anakata kitambaa.

"Mama Hawa, mbona hukurudi kupima?"

Akaendelea kukata. Kisha akasema, bila hasira, na hicho ndicho kilichoniumiza zaidi:

"Wangenikuta nayo tena, ningekuja kukwambia nini, Baba Hawa?"

Miezi yote ile alikuwa anaibeba hofu hiyo peke yake, tunakula sahani moja.

Nikamwambia, "Nisamehe. Kesho twende wote."

Akaniangalia kama vile ananipima. "Utakaa kwenye benchi na wanawake?"

"Nitakaa."

Nikakaa. Mwanaume peke yangu. Bibi mmoja akaniuliza, "Baba, na wewe unapimwa kizazi?" Benchi zima likacheka, na Mama Hawa akacheka. Nilifurahi kusikia kicheko chake.

Akaingia. Wakuu, nimewahi kuzimikiwa na injini katikati ya ziwa mawimbi yakipiga, lakini dakika zile zilikuwa ndefu zaidi.

Nesi akaniita ndani. "Hakuna alama. Yuko vizuri."

Mama Hawa akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Nami machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Nikamuuliza nesi, "Ni mimi niliyemletea?"

Akasema ugonjwa huo huletwa na kirusi ambacho watu wengi wanakipata, kinaweza kukaa mwilini miaka bila kujulikana, hakuna anayeweza kusema kimetoka kwa nani. "La muhimu ni kurudi kila anapopangiwa. Na wewe usimfanye aogope kurudi."

Nilichojifunza: tunasema wanawake ni wazembe, hawarudi kupima. Wengine hawarudi kwa sababu ya majibu wanayoyakuta nyumbani. Mkeo akija na maneno ya hospitali, msikilize kwanza amalize.

Nimempa asome kabla sijaupandisha uzi huu. Amesema niongeze kwamba kipimo hakiumi kama watu wanavyotishana, kinachochosha ni foleni.

Dada zetu, nyie nini kiliwazuia kurudi? Na wanaume wenzangu, mliwajibu nini wake zenu? Semeni ukweli ila kwa ustaarabu, yuko hapa pembeni yangu anasubiri kusoma komenti.