Zungusha na Mkono Kwanza

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kila nishikapo spana, na leo acha nikusimulie yote, hata ile sehemu niliyoificha.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimejifunza ufundi wa magari mjini Thika kwa muda usiotosha, na kujisifu kwa muda uliozidi. Debe tupu haliachi kuvuma, nami nilivuma mtaa wetu wa Landless mzima. Tata Njeri, dada ya baba yangu, alikuwa fundi wa cherehani. Alishona sare za shule barazani kwake na kuzipeleka Ruiru kwa gari dogo alilolinunua kwa jasho la sindano. Sasa mkanda wa taiming wa gari hilo ulikuwa umeanza kupasuka. Ni ule mkanda wa mpira wenye meno, unaofanya sehemu ya juu ya injini na ya chini zizunguke kwa mpango mmoja. Ukivuruga mpango huo, vyuma hugongana ndani na injini hufa. Tata angeweza kulipeleka gereji. Akanipa mimi, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Jumamosi nikaifanya kazi uani kwake, yeye akishona hatua chache kutoka nilipoinama. Nikatoa mkanda wa zamani bila kuweka alama za rangi, maana nilijiambia kila kitu kiko kichwani. Vichwa vya umri ule vina nafasi kubwa sana. Mkanda mpya ukaingia. Nikafuta mikono, nikaketi garini niwashe.

Cherehani ikanyamaza.

"Umeizungusha na mkono kwanza?" Tata akauliza.

"Tata, hii ni injini. Si cherehani."

"Na mimi nikibadilisha sindano, huwa nakanyaga tu? Nazungusha gurudumu na mkono. Kama ni kugonga, igonge pole pole. Hebu toka huko."

Ukweli ni kwamba aliyenifunza kazi alikuwa ameniambia hivyo hivyo: izungushe injini kwa spana, mizunguko miwili kamili, ndipo uguse ufunguo. Nilijua. Niliona ni mambo ya waoga. Nikatoka nikinung'unika, nikazungusha ili tu aniache. Kabla ya nusu mzunguko, injini ikakataa. Nikachukua bomba la kurefushia spana, nipate nguvu zaidi. Tata akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Ikikataa usiilazimishe. Rudi nyuma uangalie ni nini."

Nikarudi nyuma. Gurudumu la juu linaloshika mkanda ndani ya injini lilikuwa limehama nilipoutoa ule wa zamani, nami sikuangalia. Ningewasha, ningemuulia gari, na watoto wa Ruiru wangefungua shule bila sare. Tata alirudi kwenye mshono wake. Nikaanza upya, na safari hii injini ilizunguka mara mbili bila kugusa kitu. Ilipowaka, Tata aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea kushona.

Jumapili baada ya ibada watu walimwuliza nani amemtengenezea gari. "Ni huyu mtoto wangu," akasema, akinishika bega. Wiki hiyo wateja wakaanza kunijia. Nikazipokea sifa zote, nikanyamaza. Nimewajua mafundi wengi tangu hapo, wengine wana gereji kubwa, lakini ninayemheshimu kuliko wote hakuwahi kufungua boneti.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilibaki zima kwa sababu mkuu alikuwa karibu na hakuchoka nami. Basi sikia, mwanangu. Iwe injini, iwe shamba la kukodi, iwe posa, zungusha na mkono kwanza. Ikikataa, usitafute bomba. Na mtu akikuokoa kimya kimya, usingoje mpaka azikwe kama nilivyongoja mimi. Taja jina lake akiwa anasikia.

Mungu akupe mikono iliyotulia, na asikunyime mtu wa kukuambia utoke garini.