Kigoda cha Bibi Yoranda

Nakumbuka hata leo asubuhi moja ya mvua kule kijijini Titye, mwanangu, na mwili bado unanisisimka. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu kutoka Kasulu, niko kwenye mazoezi ya kufundisha, na kesho yake mkufunzi alikuwa anakuja kunipima. Nikifeli somo lile, cheti hakuna.

Somo lenyewe lilikuwa tamthilia ya kale ya Waingereza, iliyotafsiriwa. Mfalme amemuua kaka yake, amekalia kiti chake, halafu analalamika kwamba kiti kinapumua. Nikawa najizoeza kwa sauti sebuleni kwa Bibi Yoranda, mjane aliyenipangisha chumba: "Hii ni tashihisi. Kiti hakipumui. Ni pambo la lugha tu."

Bibi akaacha kuchambua maharage. Akatazama pembeni, kwenye kigoda cha marehemu mumewe kilichofunikwa kitenge. Katika ukoo ule kigoda cha baba hakikaliwi mpaka ndugu wakutane na kumtaja mrithi, na walikuwa hawajakutana. Nilijua vizuri, hata kwetu ni hivyo hivyo. Lakini chuo kilikuwa kimenipanda kichwani. Nikakifunua, nikakikalia, nimwoneshe kwamba mti ni mti.

Kilikuwa na joto. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, moto haujawashwa, na kigoda kilikuwa na joto kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

"Mwalimu, kina joto au baridi?" akaniuliza taratibu.

"Baridi, Bibi."

"Unaniongopea. Mimi hukigusa kila asubuhi."

Niliogopa sana, na aibu ikazidi hofu. Nikainuka, nikakifunika, nikamwomba radhi.

Kesho yake, mbele ya mkufunzi, orodha yangu ya tamathali niliiacha mezani. Nikawauliza wanafunzi, mtu akikalia kiti cha aliyemuua, anasikia nini? Mkufunzi akainama kuandika, nikaona cheti kimeniponyoka. Ndipo binti mmoja akasema mfalme yule hapambi maneno, anaogopa kweli. Mkufunzi akaacha kuandika, akatusikiliza. Nilifaulu.

Sasa nakuona wewe unaiuliza simu, inakutajia tamathali zote kabla chai haijapoa. Zitaje, mwanangu, mtihani unazitaka. Ila kwanza jiulize aliyesema alikuwa anahisi nini, na usimcheke. Mungu akupe akili ya kuelewa na moyo wa adabu, na kila kiti utakachokalia kiwe chako kwa halali.