Maharage Mapya Kwenye Kalenda ya Shukrani

Mwanangu alirudi kutoka shuleni wiki iliyopita amebeba boksi la biskuti lililobandikwa vijifuko vya karatasi za rangi, akaliweka juu ya meza yangu hapa Ngara mjini kwa madaha kama vile ameniletea keki. Kalenda ya shukrani, akaniambia. Wanaitengeneza kwa makundi, na kila siku wanafungua kifuko kimoja na kumshukuru mtu, mpaka Krismasi ifike. Akaniuliza yeye atie nini kwenye kifuko chake. Nikamwambia atie chochote, ila maharage asitie. Mtoto wa watu akabaki kanitumbulia macho, maana nilimjibu kwa ukali. Na wewe usinione mkorofi, rafiki yangu, nisikilize kwanza.

Mimi nimekulia Nyakisasa, kwa bibi mzaa baba. Desemba ya kule nikiikumbuka mate yananijaa. Kila nyumba inanukia senene wa kukaanga, mvua inapiga mabati ya kanisa mpaka mhubiri ananyamaza kuisubiri ipite, na maharage mapya yanaiva upesi, mchuzi wake mzito, unayala na ndizi mpaka unatafuta pa kuegemea. Yetu yalitoka kwenye shamba la chini ya migomba, na shamba hilo ndilo lililokuwa linatunyima usingizi. Jirani yetu mmoja, mzee wa kanisa, alingoja babu azikwe, akaanza kusema kwamba alimwazima tu marehemu, sasa analitaka. Bibi alisema babu alilifyeka mwenyewe likiwa pori. Wazee wa kijiji walikuwa waje kuamua baada ya Krismasi. Tukilikosa, tungebaki na migomba na kiwanja cha nyumba, basi.

Nilimchukia mzee yule, na sitakudanganya kwamba nimeacha. Kila asubuhi alipita kwenye ukingo wa shamba letu akilikagua kama mtu anayechagua mbuzi mnadani, na sisi watoto tulilazimika kumwamkia. Shikamoo mzee. Marahaba, wajukuu zangu, anajibu kwa sauti ya asali. Wajukuu wake nani!

Sasa mwalimu wetu wa shule ya Jumapili akarudi kutoka semina Biharamulo na hiyo kalenda yake kichwani. Kazi yenyewe niliipenda, hilo sikatai. Tulikusanya maganda makavu ya migomba, tukayaloweka kwenye beseni mpaka yakalainika, tukayakata vipande na kuvishonea juu ya gunia kuukuu kwa sindano ya gunia na uzi wa katani. Harufu ya maganda yale yaliyolowa maji bado ninayo puani. Tulikaa chini kwenye sakafu ya kanisa, tunachomana sindano, tunaimba, mwalimu anatugawia karanga za kukaanga. Kila mfuko ulikuwa na mtoto wake na siku yake, na ndani yake kitu cha kumkabidhi anayeshukuriwa. Gunia lilipotundikwa ukutani, watu wazima waliokuja kufagia waliacha mafagio wakaja kulishangaa.

Kosa ni kwamba mwalimu ndiye aliyepanga nani amshukuru nani. Mwenzangu mmoja alipewa mkunga, mwingine mpiga ngoma wa kwaya. Mimi nikapewa yule mzee. Niseme namshukuru kwa moyo wake wa kutuachia shamba tukalima, na mfukoni nitie maharage mapya ya shamba hilohilo. Atayatoa mwenyewe mbele ya watu, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Wapo wanaosema mwalimu hakujua alichokuwa anakifanya. Mimi nasema alijua, kwa sababu alikuwa amepanga chumba kwa mzee huyohuyo.

Nilimkuta bibi uani anapepeta, nikamwomba maharage ya kalenda. Akaniuliza ni ya nani. Nilipomweleza, ungo ukasimama hewani. Hakunifokea. Alinikalisha akanifundisha nisilolijua, kwamba kwetu tangu zamani, mtu aliyeazimwa shamba humpelekea mwenye shamba mavuno ya kwanza. Hakuna karatasi, hakuna sahihi. Maharage yakishapokewa mbele ya watu, shamba limeshasemwa ni la nani.

"Wazee wote wa kijiji watakuwa kanisani," akasema. "Wataona mjukuu wangu analeta maharage, na mimi nitakuwa na neno gani tena?"

Nikamwambia mwalimu ameapa kuwa asiyetia kitu mfukoni hataimba Krismasi. Bibi akaendelea kupepeta. Jumamosi aliyapika maharage yale yote, akayaunga kwa samli, tukala.

Jumapili bibi alikaa benchi la mbele, kitenge kipya, uso mkavu. Nilipoitwa nilisimama kando ya gunia. Mzee akaja anatabasamu, akaingiza vidole vyake vinene mfukoni mwangu. Akavizungusha. Akavizungusha tena. Mwalimu akanikazia macho niseme yale aliyonifundisha.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Maharage tulikula jana. Yalikuwa ya shambani kwetu."

Hakuitikia marahaba. Ni mara moja tu maishani mwake alipoikosa sauti yake ya asali, na mpaka leo nikikumbuka nasikia raha ambayo sioni sababu ya kuitubia. Mwalimu alinifinya sikio hadi nje, na Krismasi ile sikuimba. Wazee walipokuja kuamua, walimuuliza jirani ni mavuno gani aliyowahi kupokea kutoka kwetu. Shamba likabaki kwa bibi mpaka alipokufa.

Ningependa niishie hapo. Lakini bibi alipozikwa, baba zangu wadogo, watoto wake wa kuzaa, walimuuzia shamba lile mtoto wa mzee yule, hata matanga hayajapoa. Migomba imekatwa. Lile gunia nasikia lilifanywa la kufutia miguu. Hao baba zangu sijawatembelea tena, na wasiningoje.

Jana nilikwenda sokoni. Muuza maharage ni mkwe wa mzee yule, na ninajua vizuri yanatoka shamba gani, maana ladha yake haijabadilika. Alinipimia, akanijazia na nyongeza, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Asante mama, karibu tena," akaniambia.

Nilichukua mfuko wangu nikaondoka. Ni maharage ya bibi yangu. Simshukuru mtu.